Ushuru, Leseni na Kitambulisho: Karatasi Zinazochanganywa Sokoni Kigoma

Gari la matangazo likikatiza mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, na spika yake juu ya paa, sentensi ya kwanza husikika vizuri, ya pili humezwa na bodaboda, na ya tatu kila mtu huimalizia mwenyewe. "Halmashauri imeamua..." Imeamua nini? Muuza mitumba anasikia kwamba anahamishwa. Mwenye duka nyuma yake anasikia kwamba mlango wake utaonekana tena. Kijana wa grosari kule Gungu anaambiwa leseni zote zimefutwa, na kufika magharibi ujumbe umeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ukiwa na kiwango cha faini ambacho hakuna aliyekisikia kikitajwa.

Kuna mama mmoja anayeuza dagaa na mawese pembezoni mwa soko la Mwanga. Nimekaa mara nyingi kwenye kigoda chake, na ni yeye aliyenifanya niandike haya. Siku moja alifungua fundo la kanga akanitolea bunda la karatasi lililobanwa kwa raba. "Mwanangu, mimi si mvamizi," aliniambia. "Nina karatasi zote." Bunda lile lilikuwa na vitu vitatu: risiti ndogondogo za mashine ya POS ya kukusanyia ushuru, nyingi zimepauka hadi maandishi hayasomeki; kitambulisho cha mjasiriamali mdogo cha enzi za Rais Magufuli, kona zake zimelika; na nakala ya leseni ya biashara ya marehemu mumewe, aliyekuwa na duka mtaa mwingine kabisa. Kwake vyote vilikuwa kitu kimoja, ruhusa ya kukaa pale. Na hakuna hata kimoja kilichokuwa ruhusa ya kukaa pale.

Sisemi hivyo kumsuta. Karatasi zile alizilipia kwa jasho, na kila moja ina kazi yake halali. Shida ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyekaa naye akamweleza ipi inaanzia wapi na ipi inaishia wapi. Na hayuko peke yake. Wenye maduka ya vioo wanachanganya vilevile, isipokuwa wao wakibanwa wana mwanasheria wa kumpigia simu.

Kila karatasi na kazi yake

Tuanze na ushuru, maana ndio unaogusa watu wengi kila siku. Ushuru ni malipo ya kutumia eneo au huduma ya halmashauri kwa muda fulani: kupanga bidhaa sokoni leo, au kushusha mzigo. Ni kama nauli ya daladala kutoka Mwanga kwenda Ujiji. Ukishalipa, konda hana haki ya kukushusha njiani. Lakini huwezi kuja kesho na tiketi ya jana ukamwinua abiria kwa madai kwamba kiti ni chako. Risiti za miaka mitano zinathibitisha kwamba umelipa miaka mitano. Hazithibitishi kwamba pale ulipo ni pako, wala kwamba pamewahi kutengwa kwa ajili ya biashara.

Leseni ya biashara ni ruhusa ya kufanya biashara ya aina fulani, mahali fulani, kwa muda fulani. Msingi wake ni Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Wengi wetu tukisikia neno "leseni" akili inakimbilia leseni ya udereva, na hapo ndipo tunapotea, kwa sababu ya udereva unatembea nayo nchi nzima. Leseni ya biashara ina tabia ya mita ya LUKU: imefungwa kwenye nyumba. Ukihama, mita hubaki. Ukifungua duka la pili Buzebazeba, unahitaji leseni ya pili. Ukiwa na leseni ya duka la rejareja ukaanza kupika chipsi, hiyo ni biashara nyingine na inaombewa leseni yake. Inadumu mwaka mmoja, na inatakiwa itundikwe mahali ambapo anayeingia anaiona. Kuifungia kabatini na vyeti vya shule ni kosa pia. Ndiyo maana leseni ya marehemu mume, hata kama ingekuwa haijaisha muda, isingemsaidia mama yule. Ilikuwa ya duka lile, la biashara ile, kwa jina lile.

Leseni zenyewe zina madaraja mawili. Daraja B ndizo zinazotolewa na halmashauri: maduka ya rejareja, migahawa, saluni, mafundi na biashara za aina hiyo. Daraja A zinatolewa na BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, nazo ni za biashara zenye sura ya kitaifa au kimataifa, kama kuingiza na kusafirisha bidhaa nje ya nchi. Kwa mji wetu unaotazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, hili ni jambo la kila siku. Mtu mwenye duka la jumla mjini akianza kupakia saruji kwenye boti pale Kibirizi kwa jina lake mwenyewe, leseni yake ya halmashauri haivuki naye maji.

Halafu kuna kitambulisho. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya kugawiwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka. Bei ilikuwa shilingi 20,000. Aliyekuwa nacho hakutakiwa kusumbuliwa kwa ushuru wa hapa na pale, na kwa watu waliozoea kukimbizana na mgambo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini nafuu ile ilizaa imani moja ambayo hadi leo inawagharimu watu: kwamba mwenye kitambulisho anaweza kukaa popote. Kitambulisho kilisema wewe ni nani na unastahili nafuu gani. Hakikutaja mahali. Kifananishe na kadi ya kliniki ya mtoto: inaeleza ni nani na anastahili chanjo ipi, lakini haimhifadhii kitanda wodini. Siku hizi vipo vitambulisho vya kidijitali vinavyosajiliwa kwa namba ya NIDA, na kwa kuwa wamachinga wako chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii na makundi maalumu, wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Watu wengi wanapanga foleni kwa afisa biashara, wanarudishwa, wanakata tamaa.

Karatasi ya nne, ambayo haikuwemo kwenye fundo la kanga, ndiyo inayohusu mahali: mkataba wa kizimba au meza sokoni, au maandishi yanayoonyesha kwamba eneo fulani limetengwa na wewe umo kwenye orodha yake. Ni sawa na mkataba wa chumba cha kupanga. Na hapa naomba tuangalie kwa makini, maana hapa ndipo wanyonge wanapoumia kuliko mahali pengine popote. Katika masoko mengi ya nchi hii, mtu anayekaa kwenye kizimba siye aliyesaini mkataba. Amepangishwa na mwenye mkataba, wakati mwingine kwa pesa nyingi zaidi ya ile inayolipwa halmashauri. Mambo yakienda shwari, hakuna anayejua. Soko likivunjwa lijengwe upya, orodha inayosomwa mbele ya watu ni ya wenye mikataba. Aliyekaa pale miaka minane, anayejulikana na wateja wote, jina lake halitajwi. Ukiwa umepangishwa kizimba na mtu, uliza leo mkataba una jina la nani na kama unaruhusu kupangisha. Usingoje mabati yaanze kung'olewa.

Kodi ya TRA ni jambo la tano, na hii haihusu halmashauri kabisa. Kosa moja tu nalitaja: kuchanganya mauzo na faida. Kiwango cha milioni 4 ambacho chini yake mtu binafsi hatozwi kodi ya mapato ni cha mauzo ya mwaka mzima. Ukigawa kwa siku 365 unapata kama shilingi 11,000 kwa siku. Tuseme unanunua dagaa wa 40,000 asubuhi na jioni umeuza kwa 50,000. Mfukoni umebaki na 10,000, unajiona uko chini ya kiwango. Lakini mauzo yako ni 50,000 kwa siku, na kwa siku 300 za kazi ni milioni 15. Wengi hawadanganyi wanaposema "mimi ni mdogo, sifiki". Wanahesabu kilichobaki mfukoni.

Nani aliyesema?

Tangazo likitoka, swali la kwanza liwe: serikali ipi imesema? Watu wanamlaumu Meya kwa jambo lililotoka wizarani, wanamlaumu Mkuu wa Wilaya kwa jambo walilopitisha madiwani wao wenyewe.

Chukua kamati ya harusi. Wanakamati wanakutana, wanabishana, wanakubaliana ukumbi na bajeti. Mwenyekiti anaongoza kikao, lakini kesho yake hawezi kubadilisha ukumbi peke yake. Katibu anaandika, anapokea michango, anaenda kulipia. Baraza la Madiwani ndiyo kamati hiyo: madiwani wa kata zote, wa viti maalumu, pamoja na mbunge. Meya, ambaye madiwani humchagua kati yao, ndiye mwenyekiti. Mkurugenzi wa Manispaa ndiye katibu na mtendaji, na chini yake wapo afisa biashara, afisa afya, watu wa mipango miji na wengine. Tofauti na harusi ni kwamba katibu huyu hachaguliwi na kamati, anateuliwa na Rais.

Mkuu wa Wilaya hayumo kwenye kamati hiyo. Yeye anawakilisha Serikali Kuu, kama mjumbe aliyetumwa na ukoo mkubwa kuhakikisha sherehe haiharibiki. Anasimamia usalama na utekelezaji wa maagizo ya kitaifa, na neno lake lina uzito mkubwa. Lakini leseni yako ya duka haitolewi ofisini kwake.

Mwaka 2021 ndio mfano mzuri wa sauti hizi kuchanganyika. Rais Samia aliagiza wamachinga wapangwe upya kwenye maeneo rasmi, bila vurugu. Agizo lilitoka juu, wakuu wa mikoa na wilaya wakalisimamia, halmashauri zikatafuta maeneo, na mgambo ndio waliofika mezani kwa muuzaji. Kwa muuzaji, "serikali" ilikuwa ni yule mgambo. Mwaka 2024 huku kwetu tulilipata jambo linalofanana na hilo: Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazozunguka ziwa. Dagaa wakaadimika sokoni, na nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema halmashauri imefunga ziwa. Halmashauri haina uwezo huo. Ukipeleka malalamiko kwa asiyeamua, utapoteza siku zako na utarudi na jibu lilelile.

Azimio na sheria ndogo

Baraza likikubaliana jambo, makubaliano hayo huitwa azimio. Kutenga eneo fulani kwa ajili ya mnada, kuamua ujenzi wa choo cha soko uanze, kuelekeza wataalamu wafanye tathmini: haya yanaweza kuwa maazimio na yakaanza kutekelezwa. Lakini kumtoza mtu fedha au kumpiga faini ni jambo zito zaidi. Hapo inahitajika sheria ndogo.

Sheria ndogo haizaliwi kwa siku moja. Wataalamu wanaandika rasimu, wananchi wanatangaziwa ili watoe maoni au pingamizi, kamati ya baraza inaipitia, Baraza linaipitisha, kisha inakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa. Akiridhia, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba. Namba hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Ukiambiwa kuna ushuru mpya, una haki ya kuuliza kwa upole: ni sheria ndogo ipi, ya mwaka gani, namba ngapi? Afisa anayejua kazi yake atakuonyesha, na wengi huona fahari kuonyesha.

Mahali penye faida zaidi kwa mwananchi ni pale kwenye maoni, na ndipo penye watu wachache kuliko kote. Tangazo la rasimu hubandikwa ubaoni kwenye ofisi ya kata na mtaa, tunapita, tunasoma matokeo ya mpira kwenye simu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na hesabu za ushuru na ada kwa mwaka huo huandaliwa miezi mingi kabla. Anayekwenda kulalamika Agosti anakuta chakula kimeshaiva na kupakuliwa. Mikutano ya Baraza nayo iko wazi kwa wananchi. Huwezi kusimama ukachangia kama diwani, ila unaweza kukaa, kusikiliza, na kujua diwani wako alisema nini kuhusu soko lenu. Mimi naona vyama vya wafanyabiashara vingeweka zamu ya kuhudhuria, kama tunavyoweka zamu ya kulinda mali usiku, nusu ya uvumi ingekufa pale pale ukumbini.

Na pesa zinakwenda wapi? Imani iliyoenea ni kwamba kwa kuwa malipo yote sasa yana kontroo namba, basi yote yanakwenda Dodoma. Kontroo namba ni njia ya kulipia tu. Ushuru wa soko na ada za leseni za Daraja B ni mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato hayo hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejea 2024, na Kigoma-Ujiji ilikuwa kati ya halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Kwa hiyo mama wa dagaa, akiwa kwenye kikundi kilichosajiliwa, ana cha kudai kutoka kwenye chungu anachokichangia kila siku.

Njia ni ya nani?

Hapa ndipo hasira inapopanda, na ndipo maelezo yanapokosekana zaidi. Mtu anaona mita mbili za udongo kati ya lami na ukuta wa duka, anajua hazina nyumba, anahesabu ni mali ya halmashauri. Mara nyingi sivyo. Barabara kuu inayotoka Kigoma kwenda Kasulu iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, pamoja na hifadhi yake kila upande. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Ukisogea kuelekea stesheni mwisho wa Barabara ya Lumumba, unaingia kwenye ardhi ya reli. Ukishuka ziwani, kuna maeneo ya Mamlaka ya Bandari, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Maana yake ni kwamba hata Baraza likikupenda, haliwezi kukupa kisichokuwa chake. Ni kama mpangaji mwenzako kukuruhusu ujenge banda uani. Siku mwenye nyumba akija, ruhusa ile haina uzito. Mwenyekiti wa mtaa naye, hata awe mwema kiasi gani, hana mamlaka ya kugawa hifadhi ya barabara. Akikuandikia karatasi na mhuri, umepata ushahidi wa wema wake, hujapata eneo.

Lakini nisemalo kuhusu ardhi lisigeuzwe fimbo. Mama anayekaa kando ya njia amekaa pale kwa sababu wateja wanapita pale. Ukimpeleka eneo rasmi ambalo daladala hazifiki, maji hakuna, na mvua ya Novemba inageuza uwanja kuwa tope, atarudi barabarani wiki ya pili, na hilo si ukaidi. Eneo la biashara ni wateja kwanza, kuta baadaye. Kigezo ambacho mimi ningekitaka kwenye kila uamuzi wa kuhamisha ni hiki: je, kuna mtu aliyekaa barabarani siku nzima akahesabu wanaopita, akaenda na eneo jipya akahesabu?

Kijana wa grosari

Leseni za majengo zina fundo lao. Kijana wa Gungu ana chumba mbele ya nyumba ya baba yake. Amekata leseni ya duka. Ameweka friji, kwanza soda, kisha bia sita kwa ajili ya mashabiki wa mpira, kisha viti vya plastiki na spika. Kwake ni biashara moja iliyokua. Kwa sheria ni mambo matatu.

La kwanza, pombe ina sheria yake, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na leseni yake haimo ndani ya leseni ya duka. Hukatwa kwa vipindi vya miezi sita na ina aina zake: grosari siyo baa, baa siyo hoteli, na kilabu cha pombe ya kienyeji nacho kina yake. Kila aina ina saa zake za kuuza. Kwa kawaida maombi hupitia mtaani, kwenye kata, kwa afisa afya na polisi kabla hayajaamuliwa, kwa sababu pombe inamgusa na jirani asiyekunywa.

La pili, jengo lenyewe. Kiwanja kikiwa cha makazi, kukigeuza kuwa cha biashara kunahitaji kibali cha kubadilisha matumizi, na majirani wana haki ya kusikilizwa. Chumba kimoja cha duka barazani wengi hukivumilia. Spika inayopigwa hadi saa sita usiku karibu na mtoto mgonjwa ni habari nyingine. Jirani anayekwenda ofisi ya kata kulalamika hapaswi kuitwa mwenye wivu. Anatumia mlango uleule wa sheria ambao kijana aliutumia kuomba leseni.

La tatu, chakula. Akianza kuchoma mishikaki, afisa afya atataka kuona maji, choo, na vipimo vya afya vya anayepika. Usimamizi wa usalama wa chakula kitaifa ulihama kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, kwa hiyo ukiambiwa habari za TBS usidhani umekosewa ofisi.

Mbona yote haya kwa bia sita? Naielewa hasira hiyo, na naikubali kwa sehemu: safari ya ofisi nne inamshinda mtu mwenye mtaji wa laki mbili. Siku hizi maombi ya leseni hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na ukiwa na TIN, namba ya NIDA na mkataba wa pango unaweza kuanza ukiwa nyumbani. Asiyeweza mtandao anakwenda kwa kijana wa stationari, na hapo pia pana hatari: watu wanasajiliwa kwa namba ya simu ya kijana yule, halafu ujumbe wa kuhuisha leseni unaingia kwenye simu isiyo yao. Sisitiza iandikwe namba yako.

Jirani wa ng'ambo

Siwezi kuandika kuhusu biashara Kigoma nikaliacha hili. Julai 2025 Serikali ilitoa amri chini ya sheria ileile ya leseni za biashara, ikizuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na saluni. Adhabu ni kali, na raia anayemkingia mgeni kifua kwa jina lake naye anaadhibiwa.

Amri hiyo inamhusu anayefanya biashara hizo. Haimhusu Mkongomani aliyevuka na boti kununua unga na sabuni pale Kibirizi. Huyo ni mteja, na bila yeye maduka mengi ya hapa yangefungwa. Haimpi muuzaji mwenzako mamlaka ya kumpindulia mtu meza. Wanaosimamia ni maafisa wa leseni, uhamiaji na polisi. Na uraia hausomwi kwenye lafudhi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000, waliokimbia Burundi mwaka 1972 pamoja na wazao wao, walipewa uraia wa Tanzania. Wengi wamezaa na kujukuu hapa. Kumwita mtu "mgeni" sokoni kwa sababu anasema Kirundi na wewe unasema Kiha, lugha ambazo mnaelewana bila mkalimani, ni dhuluma, na inaumiza kuiona ikifanywa kwa jina la sheria.

Ukiona umeonewa

Anza na maandishi. Omba sababu kwa barua, na barua yako ielekezwe kwa Mkurugenzi, nakala kwa diwani, nawe ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mzigo ukichukuliwa, dai orodha ya vitu iliyosainiwa palepale. Dagaa wanavumilia siku mbili tatu, nyanya hazivumilii. Faini yoyote ilipwe kwa kontroo namba, isipite mkono kwa mkono. Kuhusu mahakama, wanaosema "kesho tunawapeleka" wajue kwamba kuishtaki halmashauri kunahitaji kwanza notisi ya siku 90. Muda huo unaonekana mrefu, ila ndani yake mambo mengi humalizika mezani ikiwa karatasi zako zimepangwa.

Mama yule tulizipanga zake pale pale juu ya turubai, mafungu manne kwa majina yake, la nne likiwa tupu. Fungu la risiti za POS ndilo lililonitia wasiwasi, maana karatasi ile inafutwa na jua, na nyingine zilikuwa zimeshakuwa nyeupe kabisa. Mjukuu wake aliyekuwa akisaga mihogo kando alinawa mikono, akazipiga picha moja moja kwa simu, zile ambazo tarehe bado ilionekana. Zilikuwa thelathini na moja. Kisha bibi akamwachia mjukuu meza, akajitanda kanga, akaenda ofisi ya mtaa kuuliza kama kuna orodha ya eneo jipya na nani anaiandika.